Shingo za Wanawake wa Kadi

Tulipohamia Maskati, mwaka mmoja baada ya kutoka Unguja, shangazi yake mume wangu alikuja na kadi tatu za posta, alizopewa zamani na mwalimu wa Kizungu. Kila moja ina picha ya mwanamke, kofia kubwa, utepe mpana kutoka begani hadi kiunoni. Shangazi akisema hao ndio waliopigania wanawake wa Uingereza wapige kura. Wakafungwa, wakagoma kula, wakatiwa mirija ya mpira puani walishwe kwa nguvu.

Zikatundikwa juu ukutani, chumbani mwangu. Mimi sikuwapenda. Ukisali wanakutazama, ukihama upande wanakutazama. Na chumba chenye picha malaika hawaingii.

"Basi wageuze ukutani," shangazi akanambia.

Nikawageuza. Nikirudi, wanatazama chumbani.

"Shangazi, ni wewe?"

"Mie na magoti haya, nipande juu ya sanduku? Una wazimu."

Siku hizo nna jambo langu. Binti yangu ana miaka tisa, na skuli ya wasichana hapa hatuna. Nilitaka aende Kuwait, kwa mama yangu mdogo, akasome. Wa kutoa ruhusa ni mkwe wangu, na sisi wake wa wanawe hatukuwa tukifungua mdomo mbele yake. Shangazi, dada yake mkubwa, aliahidi kusema naye Ijumaa, baada ya sala.

Alkhamisi nikachukua sindano. Picha ikikatwa shingo si picha tena; hata madoli ya watoto tukiyafanya hivyo. Nikawakwaruza shingoni wote watatu.

Ijumaa asubuhi shangazi akafungua mdomo, sauti hamna. Homa hana, kikohozi hana. Nikamwonyesha kadi. Hakukasirika. Alinisukuma tu mgongoni, mpaka mlango wa chumba cha mkwe wangu.

Nikaingia, nikafungua mdomo. Sauti iliyonitoka ilikuwa nzito, ya bibi mtu mzima, ikamwita mkwe wangu kwa jina la utotoni. Jina lile mimi sikuwa nalijua. Akatazama nyuma yangu, anatafuta aliyemwita. Hapana mtu.

"Unataka nini?" akauliza taratibu.

"Mtoto aende akasome."

"Aende," akasema. "Aende, dada."

Mwezi haukwisha, mtoto akaondoka. Shangazi alipata sauti siku ya tano tangu Ijumaa ile. Mimi siku zote hizo sikusema neno, kwa khofu ya kumsikia nani atanitoka.