Fimbo Aliyopewa Baba

Mama yangu aliona mtu akiuawa saa ya chakula cha mchana. Alikuwa mama ntilie katika mji wa wachimbaji wa dhahabu, mbali sana na Karagwe, na nyuma ya kibanda chake palikuwa na kiwanja kidogo cha kuoshea vyombo. Kijana mmoja mchimbaji, mteja wake wa kila siku, aliingia pale mbio. Nyuma yake akaingia tajiri wa malori, mtu aliyeamkiwa na mji mzima, pamoja na vijana wake wawili. Walimkata kwa panga shingoni na mabegani mpaka akaangukia beseni la sahani. Tajiri akachota maji kwenye pipa la mama, akanawa mikono, akasema, "Mama, wali wako leo unanukia vizuri." Wakatoka.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Niliporudi kutoka shule nilimkuta mama ameketi chini, sahani zimemzunguka, zote zimeshaoshwa, naye anaziosha upya.

Baba alimsihi asiende kusema. "Tuna watoto," alimwambia.

"Na yule alikuwa mtoto wa mtu," mama akajibu, akajifunga khanga akaenda.

Kabla kesi haijaanza kusikilizwa, wale vijana wawili wa tajiri walikuja nyumbani. Ilikuwa jioni, jua lingalipo, na majirani walikuwa nje. Mjomba wangu, mdogo wake mama aliyekuwa akiishi nasi, ndiye aliyefungua mlango. Walimburuta mpaka sebuleni ili tumwone, wakampiga nondo: magoti kwanza, kisha mikono, kisha kichwa. Aliyekuwa akipiga alihema kama mtu anayepasua kuni. Mwenzake alimwinamia mjomba na kumwambia kwa upole, "Mwambie dada yako anyamaze." Mjomba alifungua mdomo, damu ikatoka badala ya maneno. Alikata roho kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Hatukumzika. Siku iliyofuata alikuja afisa mmoja wa serikali, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akatupakia kwenye gari: baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Njiani alitupa majina mapya na kutufundisha historia mpya. Tulikuwa tumetoka Tabora, baba alikuwa kibarua wa mashamba ya tumbaku, tumbaku imeharibika, tumekuja kutafuta ardhi. Hakuna kupiga simu kwa ndugu. Hakuna kupiga picha. Mama aliuliza nani atamzika mdogo wake. Afisa alitazama nje ya dirisha, akasema, "Watu wapo, dada. Watamzika."

Tulishushwa Omurushaka, huku Karagwe, mchana wa siku ya soko, tukachukuliwa na bodaboda mpaka Kanoni. Tulipangishiwa nyumba ya bati pembeni mwa kibanja cha mjane mmoja mzee, tuliyemwita Bibi. Nyumba yetu ilizungukwa na migomba yake, na chini ya migomba kulikuwa na mibuni ya kahawa. Bibi alimfundisha mama kumenya ndizi bila kuchafuka utomvu, akanifundisha mimi kuamkia kwa Kinyambo, lugha ya pale, na akampa baba omuhoro, kile kisu chenye mpini mrefu cha kupogolea migomba, ili amsaidie shambani. Alikuwa mkarimu, lakini alikuwa na maswali.

"Tabora sehemu gani?" aliuliza.

"Ndani ndani, Bibi," baba alijibu.

"Na baba yako amezikwa huko huko?"

"Huko huko."

"Mbona hamwendi hata kupalilia kaburi?"

Kanoni mtu ni makaburi yake. Yako pale nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na mgeni akipita anaweza kuhesabiwa ukoo mzima kwa kunyooshewa kidole. Sisi hatukuwa na la kunyooshea kidole. Watoto shuleni walituita abanyamahanga, watu wa nchi nyingine, ingawa sote tuliimba wimbo mmoja wa taifa asubuhi.

Msimu wa kahawa ulipofika, wizi ulianza. Watu walianika kahawa ya maganda kwenye maturubai uani, na asubuhi wakakuta turubai limekunjwa na kahawa haipo. Kwanza waliibiwa wa mbali, kisha wa karibu. Watu wakaacha kumjibu baba salamu. Kisha akaibiwa Bibi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nakoroga uji niliposikia nduru. Mmoja alianza kupiga ukelele, mwingine akaupokea ng'ambo ya bonde, na wa tatu, mpaka kilima kizima kikawa kinalia. Ikilia nduru kila mtu hutoka na alichonacho mkononi. Baba naye alitoka. Alichukua ule omuhoro wa Bibi, akakimbia kuelekea kwenye sauti kama jirani yeyote mwema, na watu aliokutana nao njiani walikuwa wanakuja kwetu.

Punje za kahawa zilikuwa zimedondoka kwenye njia inayopita nyuma ya nyumba yetu. Njia ile ilipitwa na kila mtu, lakini nyumba ilikuwa yetu.

Walimnyang'anya omuhoro. Mtu mmoja mfupi, aliyevaa koti la mvua, alimuuliza mbele ya wote, "Wewe unasema umetoka Tabora. Mimi nimechuma tumbaku Tabora. Bwana shamba wenu alikuwa nani? Kahawa mnaiita nini kwenu? Sema neno moja la kwenu!"

Kwao baba kwa kweli kulikuwa na lugha, na aliijua vizuri, lakini haikuwa ya Tabora.

Pigo la kwanza lilikuwa la mpini wa jembe, mgongoni. La pili lilimpata sikioni, akapiga magoti. Baada ya hapo sikuweza kuyatenganisha mapigo. Nilimshika mdogo wangu nikamficha uso tumboni kwangu, lakini sikuweza kujizuia kutazama. Watu waliompiga baba nilikuwa nawafahamu. Mmoja alikuwa baba wa rafiki yangu wa darasani. Mwingine alikuwa ameketi nyuma yetu kanisani Jumapili iliyopita. Walipiga kwa zamu bila kupangiana, mmoja akichoka anapisha mwingine, na katikati ya vishindo nilimsikia baba akisema neno moja tu, tena na tena, na hakuwa akiwaambia wao.

"Nyamaza," alisema. "Mama watoto, nyamaza."

Mama hakunyamaza. Alivua kilemba akakitupa chini, akasema jina lake la kweli kwa sauti ya kupasuka. Akasema mji aliotoka. Akasema aliona mtu akichinjwa, na ndugu yake mwenyewe akapondwa kichwa kwa nondo, na kwamba tulikuwa tumefichwa kwao na serikali mpaka kesi iishe. Alisema haraka mno, na wengi pale Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Walimtazama tu. Kijana mmoja aliendelea kupiga.

Bibi ndiye aliyeanza kutafsiri. Alikuwa amesimama kando, mwenye mali iliyoibiwa, mikono kifuani. Mama akisema sentensi, Bibi anairudia kwa Kinyambo, kwa sauti kubwa zaidi, akiwatazama mmoja mmoja. Alipofika pale pa mjomba sauti ilimkatika, akairudia. Fimbo zikashuka pole pole. Yule kijana aliyekuwa bado anapiga alishikwa mkono na baba yake.

Hakuna aliyeomba radhi. Walitafuta machela, wakambeba baba mpaka barabarani, walewale waliompiga, wakipokezana kwa zamu.

Baba alipoteza jicho la kushoto, na mkono wake mmoja uliunga vibaya. Afisa alifika hospitalini jioni. Hakumpa mama pole. "Umetaja jina lako mbele ya kijiji kizima," alisema.

"Ulitaka nitaje lini?" mama akamuuliza. "Kwenye matanga?"

Hatukurudi Kanoni hata kuchukua masufuria. Baadaye tulisikia kwamba wezi wa kahawa walikamatwa, na walikuwa wa nyumba inayoheshimika, yenye makaburi mengi. Sijui walifanywa nini.

Tulipelekwa Kyerwa, kwenye vilima ambako asubuhi ukungu hulala bondeni mpaka watoto wamefika shule. Tukapewa majina mengine. Mama alisafirishwa kwenda kutoa ushahidi, akarudi amekonda. Tajiri alifungwa. Afisa alipotuletea habari hiyo, mama aliuliza kama sasa tunaweza kurudi kwetu. Afisa akamwambia kwamba aliyefungwa ni mmoja, na wale vijana wake wawili hawajulikani waliko. Basi tukabaki. Safari hii baba alifanya mambo yote kwa uangalifu. Alihudhuria kila msiba. Alichangia kila harusi. Hata hivyo watu walimkalia mbali, mtu mwenye jicho moja ambaye hakuna ajuaye jicho la pili lilikwenda wapi.

Kisha ikapigwa nduru huko nako.

Ilikuwa saa nne asubuhi, tunavuna maharage. Mdogo wangu aliangusha kikapu. Baba alisimama, hakusogea. Mama alimtazama.

"Nenda," alimwambia.

"Siwezi."

"Asiyekwenda ndiye wanayemfuata kesho. Nenda. Sote twende."

Tukaenda. Walikuwa wamemkamata kijana mmoja, wamemfunga mikono kwa kamba za migomba, amelala ubavu kwenye nyasi. Walisema ameiba mbuzi. Mbuzi alikuwepo, amefungwa kwenye shina la mbuni, anakula majani. Kijana alikuwa ameshapigwa sana, meno ya mbele hayapo, na alikuwa akisema jambo ambalo halikueleweka. Watu walisimama duara. Jirani yetu, ambaye hakuwahi kukanyaga kwetu, alimwona baba, akampa fimbo yake.

"Mzee, na wewe."

Watu wakapisha. Baba alisimama ameishika kwa ule mkono wake mzima. Kijana alimwinulia macho. Kwa muda nilidhani baba ataitupa fimbo. Nilidhani atasema jambo, kwa sababu kama kulikuwa na mtu mmoja kilima kizima mwenye jambo la kusema, ni yeye.

Alimpiga. Alimpiga mara moja, pajani, kwa nguvu. Kijana alilia kama mtoto. Baba akamrudishia jirani fimbo, akageuka, akatembea mpaka nyumbani bila kukimbia. Alipofika alikwenda nyuma ya jiko, kwenye ndoo ya maji. Mama alimnawisha mikono. Alimnawisha kwa sabuni, kidole kimoja kimoja.

Kijana alifia njiani wakimpeleka kituoni.

Jioni ileile jirani alikuja na mkungu wa ndizi begani. Alibisha hodi, akaingia, akaketi. Alimwambia baba kwamba wiki ijayo kuna kikao cha chama cha kuzikana, na itafaa awepo. Juma lililofuata mke wake alikuja kukaa na mama, wakachambua maharage. Shuleni mdogo wangu akapata marafiki. Tangu hapo tukawa watu wa pale. Nimetafuta namna nyingine ya kulieleza hilo, sijaipata.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu na watoto wangu, si mbali na hapo. Wazazi wangu wangali hai. Baba ni mjumbe wa chama kile cha kuzikana, na watu humwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka kwa sababu hapayuki. Mara moja tu niliwahi kumuuliza. Tulikuwa tunaanika kahawa, sisi wawili.

"Baba, siku ile ungekataa, ingekuwaje?"

Aliendelea kutandaza punje kwa kiganja. "Wangeniuliza kwa nini."

"Ungewajibu nini?"

"Ningekuwa na jibu nisingepiga."

Nilidhani amemaliza. Alifika mwisho wa turubai, akainuka kwa shida, akishika kiuno.

"Yule mtoto alikuwa anaomba maji," alisema. "Nilimwelewa. Mdomo ukivunjika maneno hutoka hivyo. Wengine pale hawakumwelewa, lakini mimi nilimwelewa."

Akachukua reki, akaenda kugeuza kahawa ya upande wa pili.