Mashindano Ambayo Sikwenda

Majani ya uwanja wa gofu yakikatwa asubuhi, kabla umande haujakauka, hutoa harufu mbichi yenye utamu wa mbali, kama wa muwa uliotoka kuvunjwa. Utotoni mwangu harufu hiyo ilikuja imechanganyika na ya dizeli, kwa sababu aliyeyakata alikuwa baba yangu. Alikuwa mtu wa Turiani, aliyehamia Morogoro mjini kuendesha trekta la kukatia majani, akamwoa mama, binti wa Kiluguru kutoka vilima vya juu ya Mkuyuni. Tuliishi Mafiga. Kila Jumamosi nilifuatana naye kazini, na wakati yeye akizunguka na trekta lake, mimi nilipiga mipira pembeni kwa fimbo kuukuu niliyofupishiwa mpini, huku milima ikiwa imejifunika mawingu yake hadi saa nne.

Aliyenifupishia mpini alikuwa Mwalimu Athumani, mchezaji gofu wa kulipwa aliyekuwa amecheza Nairobi na Lusaka kabla mgongo haujamrudisha nyumbani kufundisha watoto. Hakuwa msemaji. Nikipiga vibaya nikakasirika, aliokota mpira, akaufuta kwa kanga aliyoitundika begani, akaniwekea tena. “Taratibu, Zuhura. Huo mpira haujakukosea.” Nilipokuwa darasa la sita alitukusanya akatangaza kwamba likizo ya Juni kungekuwa na mashindano ya vijana Arusha, na wasichana wawili wangetoka kwetu. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa langu. Baba alizima trekta katikati ya uwanja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasimama akipiga makofi peke yake.

Tangu siku hiyo sikuweza kupiga. Nilipokuwa peke yangu mikono ilinitii, lakini mtu akinitazama tu, vidole vilikauka na mpira ulikwenda ulikotaka wenyewe. Nilisingizia malengelenge, kisha nikasingizia kichwa. Baba alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote wa Mafiga kwamba bintiye anakwenda Arusha, na kila aliyenipongeza nilimkwepa. Sikumwambia mtu.

Wiki moja kabla ya likizo nilivunja ungo. Kwa watu wa mama, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba Salehe, kaka mkubwa wa mama, alishuka kutoka mlimani siku ya tatu, akapokewa chai, akasema nitapelekwa kwa bibi nikawekwe ndani na kufundwa, kama mama alivyofanyiwa. Baba alijitahidi kutuliza sauti.

“Shemeji, huyu mtoto ana safari. Wiki tatu tu, kisha mchukueni.”

“Hili halingojei safari, shemeji,” Mjomba alijibu. “Limekwisha kuja.”

Baba alitoka nje na hakurudi kumaliza chai yake.

Kwa bibi nilikaa chumba cha nyuma, chenye harufu ya karafuu zilizoanikwa uani na moshi wa jikoni. Kungwi wangu, mwanamke mcheshi aliyekuwa binamu ya mama, alikuja kila siku kunifunza mambo ambayo hayaandikwi. Hakuna aliyenitazama mikono. Nilianza kulala vizuri. Siku ya kumi nilisikia sauti niliyoijua barazani, ya Mwalimu Athumani. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu na mgongo wake ule.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu. Umetoka mbali.”

Alimweleza bibi kila kitu bila kuinua sauti: kwamba basi la Arusha lingeondoka Alhamisi, kwamba nilikuwa na kipaji alichowahi kukiona kwa watoto wachache, na kwamba hakuja kudharau mila ya mtu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudishia mlango na kuketi kando yangu mkekani.

“Umemsikia mwalimu wako?”

“Nimemsikia, bibi.”

“Wote wamesema, wewe hujasema. Ukitaka kwenda, nenda. Nitakufunika kanga watu wasikuone, mama yako atakusindikiza, ukirudi tutaendelea. Mjomba wako nitazungumza naye mimi.”

Njia ilikuwa wazi mbele yangu, na barazani aliketi mtu aliyenikwelea mlima mzima. Nikasema, “Nataka kubaki.”

Bibi aliinuka. Hakuniuliza sababu. Alitoka barazani, nami nikamsikia akisema, “Utusamehe, baba. Mjomba wake hajakubali.”

Nafasi yangu ilichukuliwa na msichana mwingine. Nilitolewa ndani kwa ngoma na nguo mpya, nikarudi mjini, na mwaka uliofuata nikacheza tena, kwanza vibaya, kisha vizuri. Nikawa mchezaji wa kulipwa, nikacheza viwanja ambavyo Mwalimu Athumani alikuwa akinisimulia. Lakini baba hakukanyaga tena nyumbani kwa Mjomba Salehe. Walikutana misibani wakapeana mikono ya adabu, basi. Waandishi waliponihoji, walipenda sana habari ya msichana aliyenyimwa safari na mjomba wake, nami niliwaacha waiandike hivyo. Baba alikuwa akizikata habari hizo gazetini na kuzitunza. Alifariki akiwa anaziamini.

Mwaka jana nilipanda kwa Mjomba Salehe, sasa mzee anayetembelea mkongojo, nikamwambia ukweli. Aliendelea kumenya chungwa lake.

“Najua. Bibi yako aliniambia jioni ileile.”

“Sasa mbona ulinyamaza, mjomba?”

“Ningesema, angelaumiwa nani? Ulikuwa mtoto. Mimi lawama naziweza.” Alinikatia kipande cha chungwa. “Ila baba yako nilimpenda. Hilo tu.”

Siku hizi nafundisha wasichana, na wazazi wao huniomba niwaondolee watoto woga. Siwezi, maana wangu mwenyewe haujaondoka. Ninachoweza ni kumwuliza mtoto anaogopa nini, na kukaa hapo mpaka ajibu. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilidhani neno langu lile la kutaka kubaki lilinihusu mimi na mpira tu. Leo wanaponisomea orodha ya ushindi wangu jukwaani, mimi huwaza watu wawili walioishi umbali wa saa moja na nusu kwa basi, kila mmoja akinipenda, na kwa miaka kumi na minne, hadi baba alipofariki, hawakunywa chai pamoja.