Nilikunja vidole viwili kwenye gitaa miaka yote, kumbe ni kamba ya wakati wa Majimaji

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi.

Humu mimi ni msomaji tu, uzi wenyewe ndio wa kwanza kuandika. Ninachosimulia kimenitokea mimi, hapa hapa Ifakara. Anayetaka chai akachemshe kwake.

Kuna watu wameuliza tuliojifunza gitaa wenyewe tunarekebishaje mkono wa kushoto. Nilitaka kujibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Jibu langu ni refu na halifurahishi.

Mimi sikufundishwa na mtu. Mjomba wangu alikuwa na gitaa, na alikuwa mkali nalo kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Kugusa marufuku.

Kwa hiyo nilikuwa nakaa pembeni namwangalia mkono. Akienda shambani Katindiuka, nalichukua, narudia nilichoona.

Nilichoona ni hiki. Mjomba alibonyeza nyuzi kwa vidole viwili tu, cha shahada na cha kati. Cha pete na kile kidogo vilikuwa vimekunjwa ndani ya kiganja muda wote, kama mtoto aliyeficha karanga.

Na mimi nikakunja. Nilijua ndivyo gitaa linavyopigwa.

Mjomba alipofariki, gitaa likawa langu, na kazi yake ikawa yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Ukoo wetu una wimbo mmoja usio na maneno. Unapigwa mwili unapotolewa ndani kwenda makaburini. Padri anafanya yake, wimbo nao unapigwa, hakuna ugomvi. Ni wa polepole mno, unakatikakatika, mgeni anaweza kudhani mpigaji kasahau. Baba yake Bibi aliupiga kwa zeze, Mjomba akauhamishia kwenye gitaa.

Tulipotoka kumzika Mjomba, Bibi aliniita. Huyu ndiye aliyemzaa Mjomba na mama yangu, mzee sana, lakini akili yake ilikuwa kali.

Akaniambia, "Mume wangu, umebaki wewe tu. Siku yangu utanipigia wewe. Usije ukanizika na spika."

Nikamwahidi. Katika ukoo mzima hakuna mwingine anayepiga.

Sasa mkono ukaanza visa.

Kwanza ganzi kwenye vile vidole vilivyokunjwa. Baadaye maumivu kutoka kiwiko hadi kwenye wrist. Ikafika mahali nashika jembe, jembe linadondoka. Nikasema nimelogwa, tusidanganyane, hilo ndilo wazo la kwanza.

Nikaenda hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo akaniambia nije na gitaa. Nilipiga kidogo tu mbele yake, akanizuia.

"Hivi vidole viwili unavibana kwa nini?"

Nikamwambia ndiyo technique.

Akanitazama. Akasema nikiendelea kuvibana hivyo, iko siku vitakataa kunyooka, na mkono huo utakuwa wa kushikia kikombe.

Wakuu, niliogopa. Siyo kwa ajili ya muziki wa kumbi, sina ukumbi. Niliogopa ahadi ya Bibi.

Nikaanza upya kama mtoto. Haya ndiyo wenzangu mnayoyataka, kwa hiyo nayaweka hapa. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo ya gitaa, katikati, kisichungulie juu. Wrist inyooke. Bonyeza kwa ncha ya kidole, karibu na fret, kile kichuma cha kwenye shingo, na usitumie nguvu. Wengi tunabana uzi kama tunataka kuuua, kumbe mguso mdogo tu unatosha. Halafu kila kidole kipewe fret yake, kisimame juu yake hata kama hakina kazi.

Kidole changu kidogo kilikuwa kinatetemeka chenyewe. Nilikuwa nakasirika mpaka machozi.

Polepole ganzi ikapungua. Nikaenda kwa Bibi na gitaa nimwonyeshe mkono unapona.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hebu lete huo mkono." Akaushika, akaugeuza. "Nani kakukunjua vidole?"

Nikamweleza habari za hospitali. Nikasema mbona Mjomba alikunja, na baba yako mwenyewe nasikia alikunja?

Bibi akauachia mkono wangu. Halafu akasema, "Baba alimwiga babu yangu. Babu yangu hakukunja. Vilikunjwa."

Babu yake huyo alimwona kwa macho, Bibi alikuwa msichana mkubwa babu huyo alipofariki. Naandika alivyonieleza.

Wakati wa Mjerumani, babu huyo na mdogo wake walikuwa vijana upande wa Mahenge. Walikuwa wapigaji, yeye zeze, mdogo wake ngoma, wanaitwa kwenye harusi za watu. Ikaja kodi, ikaja kazi ya pamba ya lazima, ikaja dawa ya maji. Walikunywa, wakaenda kupigana na wenzao. Risasi hazikugeuka maji.

Baada ya hapo askari walichoma vijiji na chakula ghalani. Wale ndugu wawili walikimbilia kwenye matete ya mto, wakawa wanachimba mizizi. Wakakamatwa humo.

Walifungwa pamoja, mkono wa kushoto wa kaka na wa kulia wa mdogo, kamba moja kwenye vifundo vya mikono. Wakatwishwa mizigo, safari ya kuelekea boma.

Mdogo mtu alikuwa na homa na njaa. Akaanguka njiani. Askari wakaondoa mzigo wake, kamba hawakuikata.

Bibi alisema, "Babu alimbeba alipoweza. Aliposhindwa, alimburuta. Kamba ilikatwa jioni, na yule alikuwa ameshakufa njiani."

Kamba ilikuwa imezama kwenye kifundo. Kidonda kilipona, lakini kidole cha pete na kidogo havikunyooka tena. Alitoroka kwenye upagazi, akaja kukaa bondeni huku, njaa ikiwa bado inaua watu. Siku moja akachonga zeze jipya, akajifunza upya kwa vidole vilivyobaki. Alipiga wimbo huo mmoja tu mpaka kufa kwake.

Watoto wake wakamtazama, wakakunja. Walidhani ndivyo zeze linavyopigwa.

Nikamuuliza Bibi kwa nini hakutuambia.

"Nani aliuliza? Mtoto anapiga, anapendeza, nimwambie habari za maiti?"

Nililia, sioni aibu kusema. Nilimchukia yule askari kana kwamba namjua.

Bibi akanipa kitambaa chake. Akasema, "Sasa upige kwa vidole vyote. Hajabaki mtu aliyewahi kuusikia hivyo. Na mimi niusikilize."

Nikaanza polepole, kama kawaida. Lakini wakuu, yale mapengo kwenye wimbo yalikuwa ni mkono unaruka kutafuta noti. Ukiwa na vidole vyote hakuna cha kuruka, kila noti iko chini ya kidole chake. Mkono ukawa unakwenda wenyewe. Mapengo yakajaa, speed ikapanda, na mimi sijaamua kuipandisha.

Jirani aliyekuwa anapepeta mpunga uani akaanza kutikisa ungo kwa mdundo. Nikamwona Bibi, bega linacheza.

Ulikuwa wimbo wa harusi.

Ukoo mzima, tangu enzi zile, tumezikana kwa wimbo wa kuchezea harusini.

Nikaacha kupiga. Bibi alikuwa anatokwa na machozi, bega bado linataka kuendelea. Nikamwambia basi Bibi, siku yako nitakupigia huu, uende kwa furaha.

Akatikisa kichwa.

"Huo ni wao, yeye na mdogo wake. Mimi nilizaliwa nikaukuta ule mwingine. Nizike na wa kwetu."

Bibi amefariki mvua zilizopita.

Walipomtoa ndani, ningeweza kupiga wa polepole kwa vidole vyote, nikijizuia tu. Nilijaribu hatua chache, ukawa hauna uzito, unasikika kama mtu anaigiza. Nikavikunja vile viwili, nikavibana kiganjani kama zamani, nikapiga hivyo mpaka kaburini. Niliporudi nyumbani ilibidi nivinyooshe kwa mkono wa kulia.

Nilichojifunza ni kwamba ukijifundisha kwa kumwangalia mtu, unachukua na kidonda chake. Muulize kwanza kwa nini mkono wake uko hivyo. Na ukihisi ganzi, nenda hospitali mapema, achana na habari za kulogwa.

Ningeishia hapo, ila nina shida, ndiyo maana nimeandika.

Binti yangu ameanza kugusa gitaa nikiwa sipo. Jana nimerudi kimyakimya nikamkuta amekaa mlangoni anautafuta wimbo wa msibani. Kidole cha pete na kile kidogo amevikunja.

Sijamwambia kitu. Nilisimama pale nyuma yake, nikamsikiliza tu. Wenye watoto, na wenye wazee waliowaachia mambo kama haya, mngekuwa mimi mngemwambiaje?