Yowe la Godauni la Pamba

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zile za pikipiki ndani ya godauni la pamba karibu na kijiji chetu ziliishia ukutani. Msimu ulipokwisha na godauni kubaki tupu, vijana wa mjini Shinyanga pamoja na mafundi wa migodini wakawa kila Jumamosi mchana wanazunguka humo kama kuku aliyekatwa kichwa. Moshi, vumbi la pamba, watu wanakohoa hadi machozi, na ukiwauliza wanasema wamefurahi.

Pikipiki tungezivumilia. Chini ya mabati zilinguruma mpaka meno yakatikisika, lakini chuma hakijui adabu. Wa kulaumiwa alikuwa mtangazaji, bwana mmoja wa pwani mwenye shati jeupe, aliyefunga vipaza sauti viwili juu ya paa na kingine ndani, vyote kwa betri ya lori. Kazi yake ilikuwa kutueleza tunachokiona kwa macho yetu. "Huyo anakata kona," anapiga kelele, na sisi kona tumeiona. Wengi wetu Kiswahili kilikuwa cha kuokoteza, Kisukuma ndicho cha nyumbani. Akiona hatucheki anapocheka, anaongeza sauti, maana kwake asiyeelewa ni kiziwi. Debe tupu haliachi kuvuma. Watu waliokota pamba iliyobaki sakafuni wakajiziba masikio, naye akadhani wanajipamba.

Siku ya kwanza tu mwendeshaji mmoja alianguka akalala kimya. Mwanamke aliyesimama karibu nami akapiga mwano. Mwano ni yowe letu la hatari. Ukilisikia, uwe unakula au unalima, unaacha, unachukua silaha na kukimbilia linakotoka. Asiyekwenda hana jirani, na siku yake ikifika atalia peke yake. Basi wanaume wakaja mbio kutoka vijijini na mikuki na marungu, wakajaa mlangoni, wakamkuta aliyeanguka amekaa anakunywa maji. Mtangazaji aliwatazama, macho yakamng'aa. Akawakaribisha ndani.

Jumamosi iliyofuata yowe hilo alilipiga mwenyewe, kwenye kipaza sauti, kabla ya kila mbio. Wanaume wakaja tena wakihema. Baadaye wakaja wachache, na mwishowe nilimwona jirani yangu anasikia yowe lile huku anaendelea kusuka kamba, hata kichwa hainui. Nilimdharau yule bwana tangu siku hiyo, na mpaka leo sijaacha.

Mume wangu wakati huo alikuwa Geita akichimba dhahabu. Aliniachia ng'ombe wanne wa kumtolea mahari mdogo wake, na posa ilikwisha kukubaliwa. Jumamosi moja, jua la mchana likiwa kichwani, nikawaona watu nisiowajua wanafungua zizi langu. Nikapiga mwano. Nikarudia, nikapiga mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Kutoka godauni ukaja mwano mwingine, mkubwa kuliko wangu, ukanimeza. Wezi hawakuwa na haraka. Mmoja wao alinitazama akatikisa kichwa, kama anayenionea huruma, kisha wakawaswaga ng'ombe kuelekea mbugani.

Jioni jirani yangu alikuja akasimama nje ya zizi tupu.

"Mayu, mama yangu, nisamehe. Tulidhani ni yule wa pikipiki."

Nilijua anasema kweli, na ukweli wake ulinichoma zaidi. Wazee walikaa kuwatoza faini wasioitika mwano, wakakuta ni kijiji kizima, wao wenyewe wakiwamo, wakanyanyuka wakaenda zao. Posa ya shemeji yangu ikavunjika. Binti akaolewa kwingine.

Baada ya hapo mtangazaji aliitwa barazani kuomba radhi kwa ule mwano wake. Alikuja bila betri na bila vipaza sauti, amevaa lile lile shati jeupe. Kumbe sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba, haikuvuka safu ya pili.

"Hatusikii," watu wa nyuma wakasema.

Akarudia. Hawakusikia. Shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza yule bwana alisema nini. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nilisikia kila neno.

"Anasema alidhani ndivyo tunavyoshangilia," nikamwambia.