Mwisho wa Neno Nusura Uniue Bomani

Jamani, leo nimeponea chupuchupu, na chanzo ni jino la mtu mwingine!

Mnajua nafunga vidonda kwa daktari Mjerumani hapa bomani Songea.
Asubuhi kaja mama mmoja kutoka kijiji cha Mshangano, shavu limevimba.
Daktari akamtazama, akasema, "Tsanshmerts."
Nikarukia koleo.
Tsan si jino? Jana alisema "tsantsien", tukang'oa!

Mama kuona koleo, akalia: "Mwanangu, usiniue!"
Daktari akanizaba kofi. "Wewe sikiliza mwisho!"

Kumbe kwa Wajerumani habari yenyewe imekaa mwisho wa neno. Shmerts ni maumivu tu. Tsien ndiyo kung'oa.
Sisi tumezoea mwanzo: ukisikia mtu au watu, mwanzo umeshakwambia ni wangapi. Ningejuaje?

Haya, maumivu dawa yake kusukutua.
Nikatoka mbio uani, namwita mpishi:
"Maji! Maji ya chumvi!"

Askari wa mlangoni kaninyooshea bunduki kifuani.
Na vita hii ya Maji Maji, mnajua wenyewe wanaopiga kelele hiyo ni akina nani.

"Ya chumvi, afande! Ya jino!"
Mikono juu.
Akaishusha polepole, bila hata pole.

Mama kashasukutua, kaenda zake. Mimi mpaka sasa sikai, sisimami.

Hebu semeni nyie.
Mimi nimepigwa kofi kwa kutosikiliza mwisho.
Yule askari angeniua kwa kosa hilohilo. Yeye angezabwa kofi na nani?