Toa Tatu

Jirani wa mlango wa pili, nyumba nzima ilimwita Redio, kwa sababu hakuwahi kuhitaji betri. Asubuhi ile alimkuta Kimya uani akianika nguo za mtoto, akaja akasimama upande wa pili wa kamba, akashika ncha ya shuka lililolowa kana kwamba anasaidia, kisha akashusha sauti. Redio kushusha sauti, hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Ila shemeji yangu anabeba kokoto kule linakojengwa jumba la makumbusho. Anasema juzi mama mkwe wako aliondoka pale, mtoto akabaki. Amemsahau. Mlinzi ndiye aliyekaa naye mpaka bibi aliporudi mbio, viatu mkononi."

Kimya alibana kibanio kwenye shuka. Akasema huenda shemeji ameona vibaya, mahali penye vumbi mtu huona mengi. Redio akakubali kwamba vumbi lipo. Akaachia shuka, akaenda zake, na maneno yakabaki pale kambani yakining'inia pamoja na nguo.

Jina la Kimya alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, ambako alipiga pasi mashuka tangu asubuhi hadi saa ya kula bila kufungua mdomo. Hakuwa mtu asiye na maneno. Yake yalizunguka ndani kwa ndani kama nguo kwenye mashine, na siku hiyo yalizunguka jambo moja tu. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo. Mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, alishinda na bibi yake. Ikiwa bibi anaweza kumsahau mtoto katikati ya mitambo na mashimo, basi Kimya hana wa kumwachia, na asiye na wa kumwachia mtoto hana kazi. Lakini pia, atamuulizaje mama wa mumewe swali kama lile? Kwa mdomo upi?

Mama mkwe huyo watu wazima kwa watoto walimwita Fundi. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, katika chumba kimoja kwenye mtaa wa zamani uliobomolewa kupisha barabara kubwa. Alishona sare za shule, suti za maharusi, mapazia ya ofisi, hata nguo ya mwanasesere alishona. Chumba kilipobomolewa alirudi nyumbani na cherehani, mkasi, pasi ya mkaa na futi yake ya kupimia, akaendelea kuvaa futi hiyo shingoni kila siku kama wengine wanavyovaa mkufu. Yeye ndiye aliyempa mjukuu wake jina la Kifungo, kwa jinsi mtoto alivyozaliwa mdogo, wa mviringo.

Kisha siku moja alikuja msanifu wa jumba la makumbusho, dada kijana mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Alikuwa na picha ya zamani ya mtaa ule, na ndani ya picha, nyuma ya cherehani, alikuwemo Fundi mwenyewe akiwa msichana, uzi mdomoni. Msanifu alieleza kwamba jumba litasimulia historia ya mji, na kwamba hawataki kusimulia habari za wakubwa peke yao. Wanataka vyumba vya watu. Kimojawapo kiwe chumba cha Fundi, kijengwe upya kama kilivyokuwa, meza mahali pake, rafu mahali pake, hata misumari ya kutundikia karatasi za mitindo. Je, anakumbuka? Fundi alicheka, akasema muulize mtu kama anakumbuka meno yake.

Tangu hapo alikwenda kule mara kwa mara, Kifungo mgongoni. Jioni Kimya alipata taarifa zote za ujenzi kama vile yeye ndiye aliyetoa kandarasi. Leo wamemwaga zege la ghorofa. Leo wametoa mbao na nguzo zimeonekana. Leo wamegombana kuhusu madirisha, msanifu anataka mwanga uingie kwa juu, msimamizi anasema mvua nayo itaingia kwa juu. Kifungo alijua kusema "zege" kabla hajajua kusema "maji". Walicheka sana. Siku zile Kimya aliona ni baraka, mama amepata pa kwenda.

Baadaye alianza kuona mambo mengine. Chumvi ndani ya chai. Ufunguo uliotafutwa nyumba nzima ukakutwa ndani ya kiatu. Jina la mwanawe mwenyewe, Fundi akilizungukia kwanza, akimwita "huyu wetu wa lori," halafu ndipo lije. Ni mambo ya kila mtu, Kimya alijiambia. Nani hajawahi kutia chumvi kwenye chai? Ila aliyaona, na aliyekwisha kuona hawezi kujifanya kipofu. Baada ya maneno ya Redio alianza kupiga simu nyumbani kila alipopata nafasi, akijifanya anauliza kama mkaa upo. Aliunguza foronya mbili za wageni. Alimsikiliza Kifungo akipumua usingizini, na akimtazama bibi aliyelala kitanda cha pili, aliona aibu kwa anachokiwaza.

Siku yake ya mapumziko ilipofika alisema ana hamu ya kuliona jumba. Fundi alifurahi mpaka akabadilisha kitambaa cha kichwa.

Jumba lilikuwa limefunikwa nusu kwa majukwaa ya mbao. Ndani kulinukia rangi na mbao mbichi, na sauti za nyundo zilijibizana toka chumba hadi chumba. Nyaya zilining'inia. Hapa shimo la lifti limezibwa kwa ubao mmoja, pale ngazi haina kingo. Kimya alimtoa mtoto mgongoni kwa bibi yake bila kuomba, akambeba yeye, na mkono wake haukuachia mguu wa Kifungo hata mara moja.

Chumba cha Fundi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani iliyochujuka, kama alivyoagiza. Meza ya kukatia ilikuwa imewekwa asubuhi hiyo hiyo, pamoja na benchi na rafu, vikinukia gundi. Fundi aliingia, akasimama. Alipita kati ya meza na ukuta, nyonga ikagonga. Akajaribu kufungua mlango, ukagonga benchi ukakwama.

"Hii si meza yangu," alisema.

Seremala, mzee mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, alisema vipimo alimpa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na hakuvigusa. Hamsini na nne. Au sivyo, bibi?

Fundi alisema ndivyo, hamsini na nne. "Lakini mmenijengea chumba cha mtu mnene. Kila kitu kimevimba."

Mafundi waliokuwa mlangoni walicheka, si kwa ubaya. Fundi hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya ubao, akarudi, akapitisha tena, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeamkia nyumba ya ugenini. Msanifu alimshika bega, akasema haina neno, wataipunguza kwa kukadiria tu. Kisha alimvuta Kimya pembeni, karibu na dirisha lisilo na kioo. Alisema anampenda sana bibi. Alisema pia kwamba vipimo havikubaliani na picha, na kuna mengine yametokea, na amekuwa akijiuliza kama ni haki kuendelea kumchosha. Labda apumzike sasa, wao wamalizie.

Mengine yepi, Kimya hakuuliza. Aliogopa jibu. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake aliyesimama katikati ya chumba chake, akivuta futi shingoni, upande huu, upande ule, kama afanyavyo akiwa na mashaka. Na hapo Kimya akasikia kichwani mwake sauti aliyoisikia kila mara Fundi alipompima mtoto gauni. Kiuno, kumi na tisa, toa tatu. Bega, kumi na moja, toa tatu. Siku zote alidhani ni mazoea tu ya fundi, kama wengine wanavyoguna wanapoinuka.

Alikwenda akaishika ncha ya futi. Namba moja haikuwepo, wala mbili. Futi ilianza kwenye tatu, pindo lake limeshonwa kwa uzi mwekundu uliokwisha kufifia.

"Mama, hii uliikata lini?"

Fundi aliitazama kana kwamba ameulizwa lini alikata kitovu. Zamani hizo, alisema. Kile chuma cha mwanzoni kilichomoka, kitambaa kikaanza kufumuka, akakikata na kukipinda. Nyingine hakutaka kununua, hii ilikwisha kuwajua wateja wake. Mtu unasoma namba, kisha unatoa tatu. Kila mtu mtaani alijua.

Seremala alichukua futi yake ya chuma, akapima meza, akatoa inchi tatu, akachora mstari kwa penseli. Akapima benchi, rafu, akachora. Kisha aliweka mkono kifuani akasema bibi amsamehe, kumbe namba ilikuwa nzima, yeye ndiye aliyekosea kuwa na futi kamili. Sasa Fundi alicheka, akampiga kofi dogo begani, akamwambia aongeze juhudi, kuna siku ataweza kushona hata suruali. Msanifu naye alicheka huku akijifuta macho, na habari ya kupumzika haikutajwa tena.

Kimya alishuka ngazi akiwa mwepesi. Mama ni mzima. Ilikuwa ni futi tu. Alikuwa tayari ameanza kupanga maneno ya kumpelekea Redio, na kwa mara ya kwanza maishani yalikuwa mengi.

Getini Kifungo aliteleza kutoka mikononi mwake, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mlinzi. Akainama, akaingia chini ya kiti, akavuta mfuko wa plastiki uliojaa vifuniko vya chupa, akaanza kuvipanga sakafuni kama mtu aliyefika kwake. Mlinzi alitabasamu, halafu akaona uso wa Kimya, akaacha kutabasamu. Alisalimia, akageuka kutazama barabara iliyokuwa haina gari.

Kimya alimwokota mtoto. Maneno ya kumpelekea Redio yaliyeyuka yote.

Walitembea. Fundi alikuwa mbele kidogo, futi ikicheza shingoni. Walipofika penye kivuli cha ukuta mrefu alisimama, na bila kugeuka akasema:

"Si mara moja, mwanangu. Redio wako amesikia ile moja."

Kimya alisema mama, labda ni uchovu. Fundi alitikisa kichwa. Alieleza polepole kwamba siku hiyo alikuwa amefika hadi nyumbani, amevua viatu, ameketi, na mgongo ukawa mwepesi, akakaa akijiuliza kwa nini mgongo ni mwepesi. Alisema chumba cha zamani anakiona chote, hadi msumari. Cha leo ndicho kinachomtoka. Kisha aligeuka, akamshika Kifungo kisigino, si zaidi ya hapo.

"Usiniachie tena mtoto," alisema. "Mpeleke kwa Redio. Anasema sana, ndiyo, lakini mtoto akiwa kwake, mtaa mzima utajua yuko wapi."

Kimya alicheka na machozi yakamtoka palepale, na hakujua kipi kilianza.

"Na mimi usinizuie kwenda kule mpaka wamalize. Siku zako za kupumzika, twende wote. Ukae karibu yangu. Nikitaja namba nikanyamaza, wewe nitolee tatu."