Mabati ya Chumba cha Nne

Nina vyumba saba vya kupangisha hapa mtaa wa Tshopo. Nilivijenga kwa biashara ya mafuta ya mawese niliyokuwa nikiyafuata Isangi kwa pirogi, mtumbwi wa mto, dumu kwa dumu, kwa hiyo mtu asije kunifundisha huruma. Mpangaji wangu hutoa garanti ya miezi mitatu kabla sijampa ufunguo. Akishindwa kulipa tunasema anakula garanti, yaani anakaa huku tukikata humo humo. Namwacha aile mpaka mwisho, halafu tunaongea.

Mzee mmoja aliletwa na dalali wa vyumba. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole na kutazama mabati kabla ya kunitazama mimi. Nilimtambua hapo hapo. Nilikuwa na miaka tisa alipokuja kwetu, yeye mwenye nyumba, na fundi na ngazi, kwa sababu baba alichelewesha kodi miezi miwili. Hakutufukuza wala hakugomba. Aling'oa mabati tu, akasema anakwenda kuyatengeneza. Mama alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Mvua ilitukuta tumejibanza chini ya meza, mama ameshika beseni juu ya kichwa cha mtoto.

Sasa wanawe walikuwa wameuza nyumba zake zote, naye anatafuta chumba. Nilimpa cha nne, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Wapangaji wengine wakichelewa naumwa kichwa. Yeye alipochelewa mwezi wa kwanza nilifurahi, sifichi. Nilitaka jambo moja tu: asimame chini ya anga, ajue ni mimi niliyemsimamisha.

Garanti yake iliisha wakati wa mvua. Asubuhi moja wingu likiwa limefunga upande wa mto, nikaenda na fundi na ngazi. Mzee aliiona ngazi, akaingia ndani. Alitoa redio yake, akatoa godoro, akalifunika plastiki, na kiti akakiacha ndani. Kisha akasimama chini ya fundi na kuanza kumwelekeza.

"Anzia juu, ku mugongo ya nyumba," alimwambia. "Musumari uivute polepole, weka kipande ya mbao chini ya nyundo. Bila hivyo utatoboa tôle, hii bati, na maman huyu atapoteza."

Fundi alinigeukia. Nikamwambia afanye hivyo hivyo.

Ndipo nikamwambia mzee maneno niliyoyatunza tangu utoto wangu: baba, meza, beseni, yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Maman, nilitosha ma-tôles ku nyumba ya batu mingi," alisema. "Mulikuwa ku Mangobo?"

"Hapa hapa Tshopo. Nyuma ya soko. Maman yangu alikuwa na mutoto mudogo."

"Bon. Wote walikuwa na mutoto mudogo." Alifikiri tena, kwa adabu kabisa. "Siko nakumbuka, maman. Unisamehe."

Nilitaka aombe msamaha ili nimnyime. Huo wake ulikuwa kama wa mtu aliyekukanyaga mguu sokoni, na hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikamwamuru fundi asibakize hata bati moja.

Mvua ilianza kabla ya saa sita. Mzee alikaa kwenye kiti chake katikati ya chumba. Majirani walimwita barazani kwao, akakataa. Mimi nilisimama uani nikimtazama, nikalowa sawasawa naye, na sikushiba. Siku ya pili alipakia godoro kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, mwenye baiskeli akaisukuma kwa mkono, wakaenda. Ufunguo aliuacha kwa jirani.

Mabati niliyarudisha wiki ile ile. Hakuna hata moja lililotoboka, na kati ya vyumba vyangu saba ni hicho tu kisichovuja. Mpangaji mpya ni mwalimu, ana mke na mtoto mchanga, na kila tukikutana ananisifia paa. Mshahara wake haujatoka, ameanza kula garanti. Jana fundi aliniuliza kama anaweza kuja kuchukua ngazi yake aliyoiacha uani kwangu. Nilimwambia aiache kwanza.